Kiingereza cha Migomo

"Mtoto wa mkamuaji akijua Kiingereza, basi hata ng'ombe watapewa ukarani."

Maneno hayo aliyasema Makokha, nyapara wa shamba la Mzungu tulikokaa, mbele ya baba yangu, mbele ya mama yangu, na mbele ya foleni ya watu waliongojea posho, siku nilipoaga kwenda kutafuta kazi Nakuru. Watu walicheka. Baba alicheka pia, kwa sababu nyapara ndiye aliyepima posho. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa ameshatoa yake: kwamba kichwa changu ni cha kubebea kuni. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kufika hata Njoro mjini, aliapa kwamba nitarudishwa na lori la kabichi kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

Ninaanza na watu hao makusudi. Nyinyi vijana mkiingia sebuleni kwangu huitazama stashahada ile ukutani kama mtu anavyotazama kalenda. Mnadhani ilishuka na mvua. Niliipanda ngazi kuifuata, na kila ngazi palikuwa na mtu ameshika mguu wangu. Wengi wao wameshakufa. Mimi bado nasoma gazeti bila miwani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa utarishi katika ofisi moja ya serikali iliyoshughulika na ugomvi kati ya waajiri na wafanyakazi wao. Jina lake rasmi nitaliacha. Waliohudumu humo wana wajukuu. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka waliokula kiapo cha kuipinga. Tarishi aliyenitangulia alikuwa Mkikuyu. Alipandishwa lori asubuhi moja pamoja na majirani zake, akapelekwa kizuizini, na kofia yake bado ilikuwa kwenye msumari nilipoingia. Karani Mkuu aliniambia niivae kama inanitosha. Ilinitosha.

Karani Mkuu alikuwa Mgoa mwembamba aliyefunga mikono ya shati lake kwa mipira ili wino usiiguse. Siku hiyo ya kwanza alinipa ufagio, birika la chai, na amri moja: "Usiguse kitu chenye maandishi mpaka nikuambie." Baada ya nusu saa aliniambia.

Magazeti ya Nairobi yalifika kwa treni. Karani Mkuu aliyatandaza mezani, akachukua mkasi, akakata kila habari iliyohusu ugomvi wa kazi, iwe ya wapi. Makuli wa bandarini, madereva wa Nairobi, wachimba makaa wa Uingereza, watu wa reli wa Bara Hindi, wote waliletwa pale kwa mkasi. Habari hizo tuliziita mikato. Kazi yangu ilikuwa kupika uji wa unga wa ngano kwenye jiko la makaa nyuma ya ofisi, uwe mzito kiasi cha kunata lakini usifanye madonge, kisha kubandika mikato hiyo katika faili kubwa ambalo Afisa, Mzungu mkuu wa ofisi ile, alilisoma kabla ya chai ya saa nne.

"Bwana Mkubwa hana haja na gazeti," Karani Mkuu alinieleza. "Ana haja na mgomo. Akiusikia ungali mbali, hautamkuta amelala."

Na gazeti lililobaki? Mbio za farasi, harusi, hali ya hewa, matangazo ya sabuni? Hayo yote Karani Mkuu aliyakunja vizuri na kunituma nayo mtaa wa Bondeni, kwa mchinjaji aitwaye Hamisi, aliyefungia nyama. Hamisi naye alimrudishia kipande cha ini. Basi mimi habari za harusi na mvua niliziona zikiwa zimeloa damu. Habari safi, kavu, zinazosomeka, zilikuwa za migomo peke yake.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kiingereza. Sikuwa na mwalimu wala sikulipiwa karo. Niligundua jambo ambalo mpaka leo sijamsikia profesa akilisema: habari ya mgomo ina njia yake, kama ng'ombe anavyojua njia ya kwenda mtoni. Kwanza watu wana manung'uniko, na hapo neno ni "grievance". Wanatoa madai. Mwenye kazi anakataa. Mazungumzo yanakwama, na hapo neno ni "deadlock". Watu wanaweka zana chini. Wanaokubali kuingia kazini wakati wenzao wamegoma wanaitwa kwa tusi lao. Halafu anakuja mtu wa tatu kusuluhisha, na hapo neno ni "arbitration", neno refu ambalo nililitamka nikikoroga uji mpaka likawa jepesi mdomoni kama jina la ndugu. Mwisho watu wanarudi kazini. Ukishaijua njia hiyo, neno geni likitokea unajua limesimama wapi, na ukijua liliposimama unajua kazi yake. Katika mwaka mmoja nilikuwa nasoma mkato kutoka juu mpaka chini bila kujikwaa. Mtoto wa mkamuaji.

Mtu pekee ofisini aliyelijua jambo hili alikuwa mkalimani. Tulimwita Sajini, kwa kuwa alipigana vita vya Wazungu huko Bama na kurudi na cheo hicho pamoja na koti zito la jeshi ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Mkalimani ndiye aliyesimama kati ya Afisa na wafanyakazi kwenye mabaraza ya mashamba, akigeuza maneno ya huyu yaeleweke na yule. Mimi aliniita kuruta.

"Kuruta, leo umesoma nini?"

"Makuli wamekataa kupakua meli, Sajini. Wameipa kampuni siku saba. Hiyo ni ultimatum."

"Vizuri. Sasa niombe chumvi kwa Kiingereza."

Niliipitia mikato yote kichwani. Haikuwa na chumvi.

"Unaona? Wewe ukialikwa chakula na Mzungu utagoma kabla hajakupa kijiko." Akacheka mpaka vifungo vya koti vikalia.

Sikucheka. Nilidhani ananionea wivu.

Mwaka uliofuata, dereva wa lori la krimu kutoka shamba letu alisimama mbele ya ofisi bila kuzima injini. Alivua kofia. Aliniambia mama amefariki alfajiri kwa kifua, na kwamba atazikwa kesho yake mchana, kwa sababu mwenye shamba hataki maiti ikae kambini.

Siku hizo Mwafrika hakutoka mji hata kwa miguu bila pasi, na pasi yangu ilikuwa kalamuni mwa Afisa. Sajini alikuwa safarini upande wa Molo. Nilimwendea Karani Mkuu nikamsihi aniombee. Hakuinua macho.

"Si unajua Kiingereza sasa? Nakuona ukitikisa midomo jikoni. Nenda ukaombe."

Nikaenda. Nilibisha hodi, nikasimama wima, nikasema kwa sauti iliyonyooka, Kiingereza kisicho na kosa hata moja: "Sir, I have a grievance. I demand leave from tomorrow. If my demand is not met by noon, I shall withdraw my labour."

Mnaosoma haya mna Kiingereza cha shuleni, mna "please", mna "kindly", mna "my mother". Mimi sikuwa nayo. Hakuna mgomaji aliyeandikwa gazetini akisema tafadhali. Nilichomwambia Afisa, katika mwaka ambao Wazungu walilala na bastola chini ya mto, ni kwamba nina madai, yasipotimizwa kufikia adhuhuri naweka zana chini. Nami nilidhani nimemwambia kwamba mama yangu amekufa.

Afisa aliweka kiko chake mezani polepole sana. Aliniuliza nani amenituma. Sikuelewa swali, kwa hiyo nikarudia yale yale, kwa heshima zaidi. Aliita askari.

Kituoni waliniuliza kiongozi wetu ni nani, tumekula kiapo wapi, tuko wangapi. Niliwaambia kwa Kiswahili kuhusu mama, wakasema wote walioingia pale wamefiwa na mama. Karani Mkuu aliulizwa na Afisa wake mahali ambapo tarishi angeweza kujifunza maneno kama yale. Yeye, mwenye mkasi, alijibu kwamba hajui. Sikumsamehe, na sioni sababu ya kuanza sasa.

Sajini alirudi kesho yake, akaenda moja kwa moja kwa Afisa na vumbi lake. Alinisimulia baadaye alivyosema: "Effendi, huyu hana Kiingereza kingine. Hicho ndicho mlichompa abandike." Afisa alicheka mpaka akafuta machozi. Nasikia alikisimulia kisa hicho klabuni kwa miaka. Nilitolewa, nikapewa pasi mpaka jua litue, nikapanda lori la krimu. Nilipofika, watu walikuwa wameshanawa mikono. Udongo wa kaburi ulikuwa kwenye miguu ya kila mtu kambini isipokuwa yangu.

Nyapara Makokha alikuwa amekalia debe. "Kiingereza kimemzuia kumzika mamake," aliwaambia waombolezaji. "Ng'ombe asingekosa."

Baba alinipeleka ng'ambo ya birika la kunyweshea mifugo, penye mikalitusi mitatu. Alinionyesha. Nilisimama kidogo, kisha dereva akapiga honi.

Tangu hapo nilisoma kwa hasira. Afisa wa kwanza alihamishwa, akaja wa pili, kijana mwenye masikio mekundu aliyependa kuuliza maswali. Huyo aliniondoa kwenye utarishi akaniweka masijala, chumba cha mafaili, na nikapewa viatu. Uji wa ngano akapika mwingine. Lakini mikato niliendelea kuisoma yote, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwamba maneno yale yaliyonifunga ndiyo yatakayonifungua.

Siku yangu ikaja, na ikaja palepale shambani kwetu.

Mwenye shamba lile wafanyakazi walimwita Bwana Miluzi. Hakuwa akiita mtu kwa jina. Alipiga mluzi, mmoja kwa mbwa, miwili kwa nyapara. Desturi ya shamba, tangu baba yangu akiwa kijana, ilikuwa kwamba maziwa yaliyobaki mashine ikishatoa krimu waligawiwa wakamuaji, kila nyumba na kopo lake. Watoto wote wa kambi ile tulikulia maziwa hayo. Bwana Miluzi alinunua nguruwe, akaamuru maziwa yaende kwa nguruwe. Asubuhi moja wakamuaji wakasimama mlangoni mwa zizi wamekunja mikono. Ng'ombe walilia na viwele vimejaa, maziwa yakidondoka sakafuni yenyewe. Waliochaguliwa kusema walikuwa watatu, na wa kwanza wao alikuwa baba.

Sajini siku hiyo alikuwa amevimba koo, hasemi. Afisa wa pili akanitazama. "Utaweza?"

"Nitaweza, bwana."

Meza iliwekwa kwenye kivuli cha banda la krimu. Baba alisema neno lake kwa Kiswahili, fupi, bila matusi: watoto wamekunywa maziwa yale miaka yote, nguruwe wamekuja juzi. Niliyageuza. Bwana Miluzi alijibu wakamuaji kwa Kiswahili chake cha shamba: "Mimi nasikia. Maziwa itarudi. Sasa rudi kazi, hapana maneno tena." Wakamuaji wakashusha pumzi. Kisha akamwinamia Afisa, akasema kwa Kiingereza cha haraka na cha chini kwamba awaache waende wakamue leo, na mwezi ukiisha hao watatu atawaondoa mmoja mmoja, kimya kimya.

Alisema mbele yangu kama mtu anavyosema mbele ya kiti.

Habari hiyo nilikuwa nimeibandika mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mgomo unaisha, watu wanarudi, halafu waliosema wanachomolewa mmoja mmoja. Ina jina lake. Nilimgeukia Afisa nikamwambia, kwa Kiingereza, kwamba makubaliano yaandikwe wazi kuwa hakutakuwa na "victimisation", yaani asiwepo atakayefukuzwa kazi kwa sababu ya jambo la siku ile.

Bwana Miluzi alinitazama kwa mara ya kwanza. "Huyu mmemtoa wapi?"

"Hapa hapa shambani kwako, bwana," nikasema. "Mimi ni mtoto wa mkamuaji."

Afisa alikuwa mwekundu mpaka shingoni, lakini aliandika. Bwana Miluzi alitia sahihi. Makokha, aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana wake, alitazama viatu vyake. Mimi ndiye niliyewasomea wakamuaji makubaliano yale, na sauti yangu haikutetemeka. Wengine walinipigia makofi. Katika mkoa ule wote, semeni nani mwingine aliyefanya hivyo kwa darasa la nne.

Baba hakupiga makofi. Alinisogelea akaninong'oneza: "Mwambie pia juu ya ng'ombe wetu."

"Ng'ombe gani, baba?"

"Hawa wetu wa malishoni. Na nyumba."

"Baba, kazi ikiwa salama, vyote viko salama."

Alinitazama kama anayetaka kusema zaidi. Halafu akaenda kukamua.

Baba alikuwa skwota, kama wakamuaji wengi wa zamani. Skwota alikaa kwenye ardhi ya Mzungu na ng'ombe wake wachache na shamba lake dogo, kwa mkataba, na malipo yake yalikuwa jasho. Kibali cha malisho kilikuwa kitu kimoja, kazi kitu kingine. Katika faili lile lote, mikato yote ya bandari na makaa na reli, hakuna mgomaji hata mmoja aliyekuwa na ng'ombe kwenye malisho ya tajiri wake. Hakuna aliyekuwa na kaburi la mkewe nyuma ya birika la tajiri wake. Walipogoma walihatarisha mshahara na kazi, wakarudi jioni kwenye nyumba zao. Kiingereza nilichokuwa nacho kilitengenezwa na watu wale kwa shida zao. Ya kwetu hayakuwa na neno, na mimi sikujua kwamba hayana.

Bwana Miluzi alitimiza kila alichotia sahihi. Maziwa yalirudi. Hakufukuza mtu. Mikataba ilipokwisha, alikataa kuandika upya vibali vya malisho vya watu watatu tu. Kazi yenu ipo, akawaambia. Ng'ombe na vibanda viondoke. Baba angelala wapi ili aamke kukamua? Nilichukua makubaliano nikaenda nayo kwa Afisa. Aliyasoma mara mbili, mtu mwema yule, akanirudishia.

"Ametimiza neno lake," akasema.

Baba aliswaga ng'ombe wake kwa miguu mpaka upande wa Kitale, kwa ndugu yake. Mama alibaki kwenye mikalitusi.

Nadhani ni aibu iliyomfanya Afisa yule anipendekeze kwenda Uingereza kusomea mahusiano ya kazi. Lakini mtihani niliufanya mwenyewe, na walioufanya walikuwa na vyeti vya shule kubwa, na aliyechaguliwa ni mimi.

Bondeni, nilipokuwa nimepanga chumba, palikuwa na desturi ambayo siioni tena. Mtu akienda safari ya mbali, majirani hawakumpa zawadi. Walimwazima. Kila mmoja alileta kitu chake, akakikabidhi mbele ya wengine, akasema kwa sauti kwamba si chako, kirudishe. Waliamini kwamba kitu cha kupewa hukufanya uende, cha kuazimwa hukufanya urudi. Hamisi mchinjaji aliniazima sanduku la mbao lenye kamba. Sajini alivua koti lake la Bama, na ndipo nilipoona kwamba chini yake alikuwa mtu mdogo. Hata Karani Mkuu alikuja, akaniazima kamusi, akanitajia kurasa zilizochanika ili nisije nikasingizia zilikuwa hivyo. Nilisema sikumsamehe. Kamusi niliichukua.

Makokha alikuwa mjini kuleta krimu, akaja kwa harufu ya chai. Alitoa mfukoni tai ya rangi ya damu ya mzee. "Nilioa nayo hii. Najua haitarudi, na mwenyewe hutarudi, au ukirudi utakuwa umeshindwa na utapitia njia ya nyuma. Lakini acha iende ikaone Ulaya."

Wa mwisho alikuwa baba, aliyesafiri siku mbili kutoka Kitale. Alifungua kifurushi, akatoa leso ya mama, ile ya manjano aliyojifunga siku za kanisa.

"Hii si yangu na si yako," akasema. "Ya mamako. Ukirudi utamrudishia yeye."

Uingereza sitaisimulia sana. Wanasema nguo ya kuazima haisitiri. Koti la Sajini lilinisitiri na baridi ambayo haina jina kwa Kiswahili. Mwezi wa kwanza darasani walishangaa: Mwafrika anayezungumza habari za usuluhishi kama aliyezaliwa kwenye mkutano wa chama. Na mezani nilikuwa bubu. Sikujua mto wa kulalia unaitwaje, wala kijiko, wala mvuke wa chai. Mama mwenye nyumba aliniuliza habari za wazazi wangu, na maneno pekee niliyokuwa nayo ya kumjibu yalikuwa ya madai na makubaliano. Nilijifunza Kiingereza upya kuanzia jikoni. Nilipoweza kusema "My mother is dead, may I go home", nilikisema peke yangu, chumbani, mara moja, nikaona jinsi kilivyo kifupi.

Stashahada niliipata. Waliofeli walikuwa Waingereza.

Kazi niliyofanya baada ya hapo ipo kwenye mafaili. Nilikuwa mkaguzi wa kazi Naivasha, kisha Kericho kwenye majani chai, kisha Eldoret, na bendera ilipobadilika nilirudi Nakuru nikakalia kiti kilekile cha Afisa aliyeniitia askari. Kiko chake kilikuwa kimeacha duara la moto mezani. Sikuruhusu meza ile ibadilishwe. Katika kila makubaliano niliyosimamia niliuliza kwanza: mnalala wapi, mnalisha wapi, mmezika wapi. Waajiri walichukia maswali hayo, waajiri weupe na baadaye waajiri weusi, na weusi walichukia zaidi. Nilistaafu bila sherehe. Saa waliyonipa iliacha kwenda kabla ya matanga ya mtu aliyenikabidhi.

Vijana huja kuniuliza siri ya Kiingereza changu. Nawaambia wasome habari zote za gazeti, hata za harusi. Wanadhani ni mzaha.

Lakini bado sijasema juu ya vitu nilivyoazimwa, na siku niliyovirudisha ndiyo siku ninayoihesabu kuwa nilifika nyumbani, si ile niliyoshuka kwenye treni nikitoka Uingereza.

Nilianza asubuhi kwa Hamisi. Aligonga sanduku kwa kifundo cha kidole kama anayejaribu tikiti maji, akaliingiza ndani, akanikatia nyama. Karani Mkuu alifungua kamusi kwenye kurasa zilizochanika, akahakikisha hazijaongezeka, akasema, "Ahsante," na hakuna zaidi. Sajini nilimkuta amelala, kifua kimemwishia. Nilimtandikia koti miguuni.

"Kuruta."

"Naam, Sajini."

"Niombe chumvi."

Nikaomba, kwa Kiingereza kirefu, chenye tafadhali na samahani na kama haitakusumbua. Mkewe, asiyejua hata neno moja la lugha hiyo, akaleta chumvi. Sajini alifumba macho akitabasamu, na tukaila chumvi ile na viazi.

Alasiri niliingia shambani kwa Bwana Miluzi kwa lango la mbele, na stashahada yangu mfukoni endapo mtu angeuliza. Hakuna aliyeuliza. Nilipita birika. Mikalitusi haikuwapo. Hata visiki havikuwapo. Palikuwa na pareto tupu, mistari na mistari ya maua meupe mpaka chini ya kilima, na wanawake wakichuma na vikapu kiunoni. Nilisimama nikageuka huku na huku. Mtu aliyezika hujua mahali kwa miguu yake. Mimi nilikuwa napajua kwa miti.

Makokha alitokea kati ya wachumaji, amezeeka, fimbo ileile.

"Bwana Stashahada."

"Tai yako hii."

Aliigeuza, akaikagua pindo. "Nilijua haitarudi."

"Ulijua mambo mengi. Mama yuko wapi?"

Hakuuliza kwa nini. Alitembea mpaka kwenye birika, akaligusa, akaanza kuhesabu hatua akiingia kwenye pareto, akisogeza maua kwa fimbo, akasimama. "Hapa kichwa. Pale miguu."

"Nani alilima hapa?"

"Trekta."

"Nakuuliza nani."

"Mimi nilikuwa mbele, namwonyesha dereva mstari."

"Ukijua yupo."

"Nilimzika, kwa nini nisijue? Wewe ulikuwa seli." Hakusema kwa ubaya. "Ningemwambia nini Bwana? Siku ile ya meza mwenye Kiingereza ulikuwa wewe, na hukumwambia."

Nilifungua kifurushi. Nilitandaza leso ya manjano juu ya maua, nikazikandamiza kona zake nne kwa udongo, ili upepo usiichukue. Wanawake waliochuma mstari ule walifika, wakaitazama, wakairuka, wakaendelea upande wa pili.

"Bwana ataiona," Makokha akasema.

"Na aione."

Kutoka upande wa nyumba kubwa ukaja mluzi, mara mbili. Makokha alinitazama kidogo, kisha akageuka akaenda, tai ikining'inia mkononi. Nikabaki nimesimama kwenye pareto, mikono mitupu, sina kitu cha mtu.